Bei ya Matibabu Hupangwa Wapi, na Hufikaje Zahanati ya Kijiji

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa kata kuhusu bima ya afya na malipo ya vituo vya kutolea huduma



Mkulima wa pamba wa Dutwa, Nkololo au Ngulyati hahitaji kufundishwa maana ya bei elekezi. Msimu unapofunguliwa, Serikali hutangaza bei ambayo mnunuzi hatakiwi kushuka chini yake. Mkulima hupeleka mzigo wake AMCOS, ukapimwa, ukaandikwa, kisha akasubiri malipo. Anafahamu vilevile sehemu ambazo fedha yake inaweza kupotelea: kwenye mizani, kwenye daftari na kwenye kusubiri. Katika bima ya afya mambo hayatofautiani sana na hayo, ila waliosimama kwenye mizani ni wengine. Anayeleta mzigo ni hospitali au zahanati, kwa maana ya huduma iliyotolewa. Anayenunua ni mfuko wa bima. Mgonjwa, ambaye ndiye aliyetanguliza fedha, hayupo mezani bei inapopangwa. Kwa sababu hiyo ni lazima awepo wa tatu wa kusimamia mizani, na huyo ni Serikali.

Swali linaloulizwa mara nyingi katika mikutano ya vijiji ni fupi: mwananchi ana kadi, amefika zahanati, ameambiwa dawa hakuna na aende akanunue dukani, kadi hiyo ina kazi gani? Jawabu hutafutwa kwa muuguzi aliye dirishani, na wakati mwingine muuguzi huyo hutupiwa maneno makali. Kwa kiasi kikubwa jawabu haliko dirishani. Liko katika namna mfuko unavyoilipa zahanati, kwa bei gani, baada ya muda gani, na baada ya makato kiasi gani.

Inafaa kuanza na historia kidogo. Uchangiaji wa gharama katika hospitali za umma ulianza mwaka 1993. Miaka michache baadaye Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ulijaribiwa Igunga, wilaya iliyo katika ukanda huu huu wa pamba, na mwaka 2001 ukawekewa sheria yake. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Ulianza na watumishi wa umma, kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mtumishi na nusu kwa mwajiri. Kwa upande wa watoa huduma, hospitali binafsi za biashara zilizokuwa zimezuiwa kwa sheria ya mwaka 1977 ziliruhusiwa tena mwaka 1991. Hivyo mfuko ulipoanza ulikuta soko lenye vituo vya Serikali, vya mashirika ya dini na vya watu binafsi, na wote hao ikabidi wasajiliwe na kuingia mkataba ndipo walipwe. Mfuko hautibu mtu. Kazi yake ni kununua matibabu kwa niaba ya wanachama, na mnunuzi mkubwa kiasi hicho ana nguvu ya kupanga bei.

NHIF kwa kawaida hulipa kwa kila huduma. Mgonjwa akimwona daktari, kuna bei ya kumwona. Akipimwa damu, kuna bei ya kipimo. Akipewa dawa, kila dawa ina bei yake. Bei zote hizo zimo katika orodha iitwayo kitita cha mafao. Kituo hujaza fomu ya madai, mgonjwa huisaini kuthibitisha kwamba amehudumiwa, na madai hukusanywa kwa mwezi mzima na kupelekwa kwenye mfuko. Huko wahakiki huyapitia kwa kulinganisha kilichoandikwa na Mwongozo wa Matibabu wa Taifa na orodha ya dawa muhimu. Kilicho sahihi hulipwa, na kisicho sahihi hukatwa.

Neno makato wananchi hulisikia kwenye mishahara tu, lakini katika zahanati ndilo lenye uzito kuliko yote. Tuseme mtoa huduma amempa mgonjwa dawa ya malaria. Kipimo kimefanyika, lakini majibu yake hayakuandikwa kwenye fomu kwa sababu siku hiyo foleni ilikuwa ndefu na mhudumu alikuwa peke yake. Mhakiki aliyeko ofisini hakuiona foleni, bali anaiona fomu. Kwake yeye dawa imetolewa bila uthibitisho, naye huikata. Dawa imekwisha kumezwa, mgonjwa amepona, na zahanati imepata hasara. Zikijirudia fomu za namna hiyo kwa mwezi mmoja, fungu la kununulia dawa za mwezi unaofuata linapungua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali inayopotea ni dawa za mtu mwingine ambaye bado hajaugua.

Kwa nini mfuko uwe mkali hivyo? Kwa sababu malipo ya kila huduma yana kishawishi ndani yake. Kadiri kituo kinavyofanya vipimo vingi ndivyo kinavyolipwa zaidi, hata kama kipimo kimoja kingetosha. Hakuna haja ya kumtuhumu mganga yeyote. Mfumo wenyewe unavuta upande huo. Njia iliyo kinyume chake ni kulipa kwa kichwa, yaani kituo kupewa kiasi maalumu kwa kila mwanachama aliyeandikishwa kwake, augue asiugue. Njia hiyo hupunguza makaratasi, lakini nayo ina kishawishi chake: kituo kikishapokea fedha, mgonjwa anayekuja mara nyingi anageuka kuwa mzigo. Ghana iliijaribu kuanzia mwaka 2012 katika mkoa wa Ashanti, watoa huduma na wananchi wakalalamika sana, na mwaka 2017 ikasimamishwa. Hakuna njia ya kulipa isiyo na kasoro. Ndiyo maana kazi ya Serikali haiishii katika kuchagua njia moja. Inabidi njia yoyote itakayotumika isimamiwe bila kuchoka.

Bei nayo haiwezi kutenganishwa na mchango. CHF Iliyoboreshwa, iliyoanza mwaka 2018, ilipangiwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi 6 kwa mwaka. Tugawanye: kaya ikijaa, ni shilingi 5,000 kwa mtu kwa mwaka mzima, au chini ya shilingi 420 kwa mwezi. Haidhuru mfuko utalipa kwa njia gani. Fedha hiyo ndogo haiwezi kubeba ahadi kubwa, na pale wanaojiunga wanapokuwa ni wale tu walio na mgonjwa nyumbani, hata hesabu hiyo inavunjika. Ni haki kusema wazi kwamba mchango huo ulipangwa kwa kuangalia mfuko wa mwananchi zaidi ya kuangalia gharama ya tiba. Ulikuwa uamuzi wa huruma, nao ulikuwa na bei yake: kadi iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwenye CHF alipopelekwa Bugando, Mwanza, kadi yake haikumlipia huko, na familia nyingi zililijua hilo zikiwa tayari zimeshapita Lamadi.

Mvutano juu ya bei ulionekana na nchi nzima mwaka 2024. Kitita cha NHIF kilichokuwa kikitumika kilikuwa cha mwaka 2016. Mfuko ukaandaa kitita kipya, ambacho baadhi ya bei zake zilipanda na nyingine zilishuka. Hoja ya mfuko ilikuwa kwamba kwa baadhi ya dawa na vipimo ulikuwa ukilipa zaidi ya bei ya soko, na kwamba mfuko usiojilinda hautadumu. Hoja ya hospitali binafsi, kupitia chama chao cha APHFTA, ilikuwa kwamba bei mpya hazifikii gharama: hospitali binafsi hulipa mishahara yake yenyewe, hujenga kwa mikopo na hununua mashine zake, ilhali ya Serikali mishahara yake hutoka Hazina. Wizara ya Afya iliunda kamati ya kupitia malalamiko, na kitita kikaanza kutumika tarehe 1 Machi 2024. Siku hiyohiyo baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha huduma kwa wanachama wa NHIF. Serikali ikawaelekeza wagonjwa kwenye hospitali za umma na nyingine zilizoendelea na huduma, na baada ya mazungumzo huduma zikarejea.

Kila upande ulikuwa na hoja ya kweli. Asiyekuwa na kosa lolote ni mgonjwa aliyefika mapokezi na kadi iliyokatiwa kila mwezi kwenye mshahara, akaambiwa leo haitumiki. Kwa Bariadi tukio lile lilisikika kwa mbali, kwa kuwa hapa wengi hutibiwa katika vituo vya Serikali. Hata hivyo kitita ni kimoja kwa nchi nzima. Bei iliyozozaniwa Dar es Salaam ndiyo inayolipwa Bariadi, na zahanati ya kijiji haina chama cha kuisemea kwa sauti kubwa kama hospitali za mjini.

Lenye kutia shaka zaidi katika mvutano ule ni muda. Kutoka mwaka 2016 hadi 2024 ni miaka 8. Katika miaka 8 dawa zimepanda, mafuta yamepanda, vifaa vimebadilika. Bei zinazokaa muda mrefu hivyo na kisha kubadilishwa kwa siku moja ni lazima zilete mtikisiko, hata zingepangwa na malaika. Japani, ambako bima ya afya ni kwa kila mtu, ina orodha moja ya bei kwa hospitali zote, za umma na za binafsi, na orodha hiyo hupitiwa kila baada ya miaka 2. Hospitali hulalamika huko pia, lakini kila mmoja anajua siku ya mapitio itafika, na hujiandaa na hoja zake badala ya kufunga mlango. Kwa jirani, Kenya, ambayo tarehe 1 Oktoba 2024 iliacha mfuko wake wa zamani na kuanza mamlaka mpya ya afya ya jamii, kilio kikubwa cha hospitali binafsi kilikuwa madeni yaliyoachwa na mfuko uliotangulia. Huko kwa Wakenya bei iliyo nzuri kwenye karatasi ilionekana kuwa kazi bure pale malipo yanapochelewa. Mkulima aliyewahi kukopwa pamba ataelewa hilo bila maelezo.

Hapa nchini Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, na utekelezaji wake unakwenda kwa hatua. Sheria hiyo inataka kila mkazi awe katika skimu ya bima, na inaweka kitita cha mafao ya msingi ambacho skimu haiwezi kushuka chini yake. Usimamizi wa skimu umewekwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo ndiyo pia husimamia kampuni binafsi za bima. Faida yake kwa mwananchi ni kwamba mnunuzi hatakuwa mwamuzi wa kesi yake mwenyewe. Mfuko unapokata madai, au unapochelewa kulipa, kuna mlango mwingine wa kubisha. Ila sheria peke yake haijazi rafu za dawa. Bei ikipangwa chini mno, vituo hujiondoa au hupunguza ubora kimyakimya. Ikipangwa juu mno, mfuko unafilisika, au mchango unapanda hadi mwenye jembe anashindwa. Kati ya hapo pana njia nyembamba, na hupatikana kwa takwimu za gharama halisi za vituo, zikiwemo zahanati za vijijini, ambazo mara nyingi hazina mhasibu wa kuzikusanya.

Sasa turudi kijijini, maana fedha hiyo ina njia yake hadi kwenye sanduku la dawa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za vituo, zikiwemo za mfuko wa pamoja wa afya, hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Zahanati, hata ile yenye wahudumu wawili, ina akaunti yake, ina mpango wake wa mwaka, na ina Kamati ya Usimamizi yenye wajumbe waliotoka miongoni mwa wananchi. Malipo ya bima huingia humo. Kamati na Mganga Mfawidhi hukubaliana nini kinunuliwe, oda hupelekwa Bohari ya Dawa, na kile ambacho Bohari haina hununuliwa kwa mshitiri aliyeteuliwa kwa mkoa. Mfumo huo ni mzuri, na ni wazi kuliko ule wa zamani ambao fedha ziliishia makao makuu ya wilaya. Lakini unategemea kiingiacho.

Na kiingiacho ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha kwa mujibu wa sera. Kwenye foleni ya asubuhi ya zahanati nyingi za vijijini, hao ndio wengi. Wanaobaki ni wachache wanaolipa taslimu na wachache wenye bima. Kwa hiyo shilingi inayokatwa kwenye madai ya bima huwapunguzia dawa wote, pamoja na yule mama mjamzito asiyejua kama kuna kitu kinaitwa kitita. Ukitazama hivyo, fomu iliyojazwa vizuri ni sehemu ya tiba.

Mgonjwa mwenyewe ana mchango katika jambo hili, nao unaanzia kwenye saini. Kusaini fomu tupu, isiyoandikwa huduma yoyote, ni sawa na mkulima kukubali risiti ya mzigo ambao haujapimwa. Inawezekana ikajazwa kwa uaminifu. Inawezekana pia ikajazwa vipimo ambavyo havikufanyika. Fomu isomwe kwanza, na asiyejua kusoma ana haki ya kusomewa na mtu anayemwamini. Kumwazima ndugu kadi ni kosa vilevile, hata kama nia ni njema, na hata kama ndugu huyo ni mtoto wa dada. Mfuko ukigundua, hautalipa kituo, na mwenye kadi anaweza kufungiwa.

Jambo la pili ni rufaa. Ngazi za huduma ni zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko mjini Bariadi, kisha Bugando kwa Kanda ya Ziwa. Gharama za matibabu hupanda kadiri ngazi inavyopanda. Anayeruka ngazi kwa homa ambayo zahanati ingeitibu analifanya jambo la gharama ndogo kuwa la gharama kubwa, na akiwa hana barua ya rufaa anaweza kutakiwa kulipa mfukoni ingawa ana kadi. Dharura ni habari nyingine. Mgonjwa wa dharura hupokelewa popote, karatasi zikafuata. Lakini ni lazima kukiri kwamba watu huruka ngazi kwa sababu: walikwenda zahanati mara mbili wakakosa dawa, mara ya tatu wakapanda pikipiki hadi mjini. Kuwalaumu bila kurekebisha rafu za dawa ni kupoteza muda wa mkutano.

Mwenye malalamiko aanze na Mganga Mfawidhi wa kituo husika, na asiporidhika aende kwenye Kamati ya Usimamizi ya kituo, ambayo wajumbe wake ni majirani zake. Baada ya hapo ni Ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Wanachama wa NHIF wanaweza kufika moja kwa moja ofisi ya mfuko ya mkoa, na wenye bima za kampuni binafsi wana TIRA. Aliyetozwa fedha kwa huduma iliyomo katika kitita chake asikubali kuondoka bila stakabadhi, kwa sababu bila stakabadhi hakuna ofisi kati ya hizo itakayoweza kumsaidia.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi 3, na taarifa ya zahanati ni sehemu ya taarifa zinazopaswa kusomwa. Kwa kawaida husomwa mapato na matumizi, wananchi hupiga makofi, na mkutano huendelea na barabara na mifugo. Kuna namba tatu ambazo mwananchi yeyote anaweza kuomba zisomwe pamoja na hizo: robo iliyopita zahanati ilipeleka madai ya bima ya shilingi ngapi, ililipwa shilingi ngapi, na zilikatwa ngapi kwa sababu gani. Mganga Mfawidhi anazo namba hizo. Pale makato yanapokuwa makubwa, Kamati inaweza kuiomba Ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya ilete mtaalamu wa kuwafundisha wahudumu ujazaji wa fomu, na ombi hilo liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.